16-18-18-36: Kuzisoma taimingi za RAM na kuzibana bila kuozesha data

Kwenye kibandiko cha stiki ya RAM huandikwa hivi: DDR4-3200, 16-18-18-36, 1.35V. Muuzaji atakutajia 3200 kwa sauti kubwa. Zile nne zinazofuata, ambazo ndizo taimingi, atazipita, na ukimbana atakwambia "ndogo ndiyo nzuri". Hajakudanganya, ila amekupa nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kama utaongeza kasi au utajikuta na mafaili yasiyofunguka.

Ninapoandika haya nina mashine moja kichwani, ambayo ndiyo niliyojifunzia: prosesa ya AMD Ryzen 5 3600, ubao mama wa B450, na stiki mbili za DDR4 za GB 8 kila moja. Wenye Intel na wenye DDR5, kizazi kinachofuata DDR4, nitawataja pale mambo yao yanapoachana na yetu.

Kabla ya yote, angalia kama mashine yako inaruhusu. Zile kompyuta za ofisi zilizotumika, OptiPlex na EliteDesk tunazonunua madukani kwa bei nafuu, kwa kawaida BIOS zake (kurasa za mipangilio zinazofunguka kabla Windows haijawaka) hazina hata ukurasa wa taimingi, kwa hiyo usijisumbue. Kwa upande wa Intel, mbao mama za B460 na H410 hazikuruhusu kuovakloki RAM, yaani kuikimbiza kupita kasi yake rasmi. B560 ndiyo iliyofungua mlango mwaka 2021, na H610 iliyokuja baadaye ikaufunga tena. Kwa AMD, B350, B450, B550 na zile za herufi X zote zinaruhusu.

Namba hizi ni mapigo, si muda

Hapa ndipo wengi wanapopotea. 16 hiyo si nanosekunde 16. Ni mapigo 16 ya saa ya RAM. Na saa yenyewe haipigi mara milioni 3200 kwa sekunde. Inapiga mara milioni 1600, ila DDR hupeleka data mara mbili katika kila pigo, mara moja linapopanda na mara moja linaposhuka. Ndiyo maana ukifungua CPU-Z, programu ya kusoma taarifa za mashine, unaona 1600, na kila wiki kuna mtu anayedhani kauziwa feki.

Kupata muda halisi, chukua namba ya taimingi, zidisha kwa 2000, kisha gawanya kwa kasi iliyoandikwa kwenye stiki. Jibu ni nanosekunde. Nimekupigia chache, CL ikiwa ni namba ya kwanza ya taimingi:

DDR4-2133 yenye CL15: 14.1
DDR4-3200 yenye CL22: 13.75
DDR4-3200 yenye CL16: 10
DDR4-3600 yenye CL18: 10
DDR4-3600 yenye CL16: 8.9
DDR5-4800 yenye CL40: 16.7
DDR5-6000 yenye CL30: 10

Tazama mstari wa tatu, wa nne na wa mwisho. CL16, CL18 na CL30, kusubiri ni kulekule. Na ukirudi nyuma hadi DDR-400 yenye CL2, RAM ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, hesabu inakupa 10 pia! Miaka yote hiyo kilichokua ni wingi wa data unaopita kwa sekunde. Muda wa kungoja baiti ya kwanza haujasogea sana. Kwa hiyo mtu akikucheka eti RAM yako ya DDR5 ina CL30 na yake ya DDR4 ina CL16, mpe kikokotoo.

Masjala yenye makabati 16

Fikiria masjala ya ofisi ya serikali ya zamani, makabati ya chuma yamepangwa ukutani. Kila kabati lina droo nyingi, na kila droo imejaa mafaili. Sharti la masjala ni moja: katika kabati moja, droo moja tu ndiyo inayoweza kuwa wazi kwa wakati mmoja. Chipu nyingi za DDR4 zinazowekwa kwenye stiki za kompyuta za mezani zina makabati 16 ya namna hiyo, na ndiyo yanayoitwa benki. Droo ni safu mlalo, faili ni safu wima.

Prosesa inaagiza faili. Kama droo yake tayari iko wazi, karani anachukua na kukabidhi. Muda huo ni tCL, namba ya kwanza. Kama kabati zima limefungwa, karani lazima kwanza avute droo, nao ni muda wa tRCD, namba ya pili. Kama kuna droo nyingine iliyo wazi kwenye kabati hilohilo, lazima aifunge kwanza, na hiyo ni tRP, namba ya tatu. Namba ya nne, tRAS, ni muda mfupi kabisa ambao droo iliyovutwa lazima ibaki wazi kabla ya kufungwa. Sababu yake ni ya kifizikia. Chembe ya RAM inahifadhi chaji ndogo mno, na kuisoma ni kuimwaga. Baada ya kusoma, chipu inarudisha chaji mahali pake. Ukifunga droo kabla haijamaliza kurudisha, umeacha faili tupu.

Sasa fanya hesabu kwa 16-18-18-36. Droo iko wazi: mapigo 16. Kabati limefungwa: 18 na 16, jumla 34. Droo isiyo yako iko wazi: 18, 18 na 16, jumla 52, ambayo kwa kasi ya 3200 ni nanosekunde 32.5. Umeona? Katika hali mbaya, ile CL inayoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi ni 16 tu kati ya 52. Anayehangaika usiku kucha kuishusha CL kutoka 16 hadi 15 huku ameacha tRCD na tRP zimelala anafagia uwanja huku nyumba inavuja.

Kisha kuna namba ambayo haipo kwenye kibandiko, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote: tRFC. Chaji ndani ya chembe huvuja yenyewe, hata usipoisoma. Kwa hiyo kila baada ya maikrosekunde 7.8 masjala inapokea amri ya kufunga dirisha na kuzijaza upya safu kadhaa, na wakati huo hakuna anayehudumiwa. Muda kati ya amri na amri ni tREFI. Muda ambao dirisha linabaki limefungwa ni tRFC. Kwa chipu za DDR4 za gigabiti 8, kiwango rasmi cha tRFC ni nanosekunde 350. Gawanya 350 kwa 7800: takriban asilimia 4.5 ya muda wote RAM yako imefunga mlango. Chipu nzuri inaweza kumaliza kazi hiyo kwa nusu ya muda.

Hatua ya 1: washa XMP, na uishie hapo kwa siku mbili

Stiki mbili ziwe kwenye nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Nimekuta mashine kadhaa ambazo shida yake yote ilikuwa stiki kukaa nafasi ya kwanza na ya pili, chaneli moja tu inafanya kazi, na mwenyewe anaulizia taimingi.

Ingia BIOS, washa XMP, ile mipangilio ya kasi na taimingi iliyohifadhiwa ndani ya stiki na mtengenezaji. Kwenye mbao mama nyingine za AMD utaikuta kwa jina la DOCP, na kwenye DDR5 za AMD inaitwa EXPO. Usipoiwasha, stiki ya 3200 itatembea kwa kasi rasmi ya chini, mara nyingi 2133, 2400 au 2666, hata kama ulilipia 3200. Nasema wazi: kwa watu wengi hatua hii pekee ndiyo yenye faida kubwa, na anayetaka kufungua intaneti na kuandika ripoti aishie hapa.

Kisha piga picha kila ukurasa wa taimingi kwa simu. Kila namba, hata usizozijua. Fungua pia ZenTimings kama una Ryzen, inakuonyesha zote kwa pamoja. Tumia mashine kawaida kwa siku mbili, uijaribu kwa programu nitakazozitaja mbele. Kama XMP yenyewe haijatulia, hakuna cha kubana hapo.

Hatua ya 2: ijue chipu iliyo chini ya chuma

Jina la kampuni kwenye stiki halikwambii kitu, kwa sababu chipu zenyewe hutengenezwa zaidi na watatu: Samsung, Micron na SK Hynix. Stiki mbili za jina moja, boksi moja, zilizonunuliwa miezi sita tofauti, zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani. Ndiyo maana nunua jozi, usinunue moja leo na nyingine mwisho wa mwezi. Programu ya Thaiphoon Burner itasoma taarifa za stiki na kukutajia chipu, ingawa wakati mwingine inakisia.

Kati ya matoleo ya chipu hizo, Samsung B-die ndiyo inayosifiwa zaidi kwenye DDR4: inabanika kila upande, inaitikia volti, na tRFC yake inashuka mno. Tabia yake mbaya ni kuchukia joto. Micron Rev. E inapenda kasi kubwa, CL inashuka ukiongeza volti, lakini tRCD hata uibembeleze vipi haisogei. Hynix CJR iko katikati, mtulivu asiye na maajabu. Ukijua hili mapema hutapoteza wikiendi ukilazimisha tRCD ya Micron ishuke.

Hatua ya 3: chagua kasi kwanza, taimingi baadaye

Kwenye Ryzen za 3000 na 5000 kuna saa tatu zinazotakiwa kwenda sambamba: ya RAM, ya kidhibiti cha RAM ndani ya prosesa, na ya njia inayounganisha vipande vya prosesa, inayoitwa FCLK. Zikienda sambamba unapata faida. RAM ikizidi uwezo wa FCLK, kidhibiti hushuka hadi nusu ya mwendo na unapoteza nanosekunde nyingi kuliko ulizotafuta. Prosesa nyingi za kundi hili zinafika FCLK ya 1800, yaani RAM ya 3600. Baadhi hufika 1900. Mimi naweka 3600 na sitamani zaidi.

Intel kuanzia kizazi cha 11 wana kitu hichohicho kwa majina ya Gear 1 (sambamba) na Gear 2 (nusu ya mwendo), na kwa DDR4 unataka Gear 1. Kwa Ryzen 7000, RAM ya DDR5-6000 ndiyo inayokaa vizuri na wengi.

Kwa hiyo: weka 3600, FCLK 1800, na taimingi zilegeze kwa makusudi, mfano 18-22-22-42. Volti ya RAM 1.40. Lengo la sasa ni kujua kama kasi inashika. Zaidi ya 1.45 mimi sipandi kwenye DDR4 ya matumizi ya kila siku. Volti ya SoC, ile sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha RAM, isizidi 1.1 kwa mashine kama yangu. Wa Ryzen 7000 wawe makini zaidi na volti hiyo: mwaka 2023 baada ya prosesa kadhaa kuungua, AMD ililazimisha BIOS mpya ziikomeshe kwenye 1.3. Kama BIOS yako ni ya kabla ya hapo, isasishe kwanza, na uifanye ukiwa na UPS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo huenda ukabaki na ubao wa kuning'iniza ukutani.

Hatua ya 4: bana zile nne

Moja kwa wakati, hatua moja kwa wakati. Shusha tCL kutoka 18 hadi 16, washa, jaribu dakika kumi. Kama mpangilio wa BIOS uitwao Gear Down Mode umewashwa, CL ya namba witiri haikubaliki: ukiandika 15 itapandishwa kimyakimya hadi 16. Basi nenda kwa shufwa tu, 18, 16, 14.

Halafu tRCD: 22, 21, 20, 19, mpaka pale mashine inapokataa au kosa linapojitokeza, kisha rudi hatua moja. Halafu tRP vivyo hivyo, na hii mara nyingi inashuka kirahisi kuliko tRCD. Stiki za Micron kama zangu hukaa vizuri kwenye 16-19-16-36. Ya nne, tRAS, usiishushe chini ya jumla ya tRCD na tRTP (muda kati ya kusoma faili na kufunga droo). Kuishusha zaidi ya hapo ni mapambo. tRC, muda kati ya kuvuta droo moja na kuvuta nyingine katika kabati hilohilo, iwe tRAS na tRP zikijumlishwa, kwangu 36 na 16, yaani 52.

Hatua ya 5: kwenye hizi ndogo ndiko kuna asali

Ukiziacha, BIOS huzijaza yenyewe, na hujaza kwa uoga. Anza na tatu zinazotembea pamoja: tRRDS, tRRDL na tFAW. Mbili za kwanza zinasema droo mbili za makabati tofauti zinaweza kuvutwa kwa kupishana mapigo mangapi. Ya tatu inaweka dirisha la muda ambalo ndani yake hazivutwi droo zaidi ya nne, ili umeme usielemewe. Kwa hiyo tFAW yenye maana haiwezi kuwa chini ya tRRDS mara nne. Jaribu 4, 6 na 16. Zikikataa, 6, 8 na 24.

Kisha tRFC. Usinakili namba ya mtu mwingine bila kuangalia kasi yake, kwa sababu hii nayo ni mapigo. Kwa 3600 saa inapiga mara 1.8 kwa kila nanosekunde, basi zidisha nanosekunde unazotaka kwa 1.8. Kiwango rasmi cha 350 ni mapigo 630. Micron Rev. E hufika karibu 300, yaani 540. Hynix CJR karibu 260, yaani 468. Samsung B-die 180 na chini ya hapo, yaani 324. Shuka kwa vipande vya 20, na ukikaribia mwisho panda tena 10 au 20 kwa usalama.

Kwa wenye Intel na wenye AM5 (soketi ya Ryzen 7000), tREFI nayo inafunguka, na hiyo tofauti na nyingine zote, kubwa ndiyo nzuri: unaahirisha kujaza chaji. Wapo wanaoiweka hadi 65535. Lakini chaji huvuja upesi zaidi palipo na joto, kwa hiyo anayeishi Tanga na anayeishi Njombe wasiandikiane namba hiyo. AM4, soketi ya mashine kama yangu, haitupi nafasi ya kuigusa.

tWR (muda wa kusubiri baada ya kuandika kabla ya kufunga droo) na tRTP zinafungamana kwenye DDR4, ya kwanza ni mara mbili ya ya pili: 24 na 12, au 16 na 8. Zilizobaki ziache. Nimezichezea, nikapata tofauti ambayo ni programu ya kupimia tu inayoiona.

Hatua ya 6: jaribu mchana

Hapa niliumia mwenyewe. Nilishusha tRFC usiku wa saa nane, chumba kimepoa, feni inavuma, jaribio likapita bila kosa hata moja. Nikalala nikijisifu. Wiki mbili baadaye nahamisha picha za harusi ya binamu, mafaili yanakopika vizuri, lakini ukizifungua baadhi zina mstari wa kijivu nusu ya chini. Mashine haikuwahi kuzima wala kuonyesha skrini ya bluu. RAM ilikuwa inabadilisha biti moja hapa, moja pale, mchana wa Februari chumba kikiwa na joto la 32, na data iliyooza ikaandikwa kwenye diski kama data halali. Kopi za asili zilikuwa bado kwenye kadi ya kamera, la sivyo nisingehudhuria harusi nyingine katika ukoo ule.

Kwa hiyo: MemTest86 kwa flashi kwanza, kabla hata ya kufungua Windows, ili taimingi mbovu zisiharibu mfumo wenyewe. Ikipita, TestMem5 na mipangilio inayojulikana kwa jina la anta777, kwa RAM ya GB 16 jipangie saa moja na nusu au zaidi. Wa Linux watumie stressapptest. Kile kipimo cha RAM kinachokuja na Windows kinapitisha vitu vingi vibovu, usikitegemee. Kosa moja ni kosa. Hakuna "ni moja tu".

Na jaribu saa nane mchana, dirisha limefungwa, kadi ya picha ikiwa imechoshwa na gemu kwanza ili joto lijae kwenye kesi. Kama stiki zako zina kihisi joto na unaona zinapita 50, hasa zikiwa Samsung B-die, ama elekeza feni kwao au rudisha tRFC juu.

Faida utaiona wapi? Kwa mashine yangu, kipimo cha programu ya AIDA64 cha muda wa kungoja RAM kilitoka karibu nanosekunde 75 hadi 67. Kwenye gemu ambalo kadi ya picha ndiyo inayolemewa, usitegemee kitu. Kwenye gemu linaloibana prosesa, mikwamo midogo inapungua. Anayefaidi kuliko wote ni asiye na kadi ya picha kabisa, mwenye prosesa kama Ryzen 5 5600G, kwa sababu picha zake nazo zinachotwa kwenye RAM hiyohiyo.

Ikigoma kuwaka

Usiruke. Acha ijaribu yenyewe mara tatu nne. Mbao mama nyingi hurudi kwenye mipangilio salama bila kuguswa, na DDR5 inaweza kukaa na skrini nyeusi dakika kadhaa ikijipima, watu wengi wanaichomoa katikati wakidhani imekufa. Kama hairudi, zima, chomoa waya wa umeme, tafuta pini mbili zilizoandikwa CLR_CMOS uziguse kwa bisibisi kwa sekunde kumi, au toa ile betri ya CR2032 kwa dakika tano.

Ukishapata mipangilio iliyotulia, ihifadhi kama profaili ndani ya BIOS, na upige picha nyingine kwa simu. Kusasisha BIOS mara nyingi hufuta profaili zote, na namba ulizozihangaikia wiki nzima huwezi kuzikumbuka kwa kichwa.